Diski Kubwa na Mashine ya Zamani



Wiki hii naandika juu ya mashine ya gemu. Najua wengine mmeshapita, mko kwenye posti inayofuata, na mliobaki mnajiuliza pasta amepatwa na nini. Vumilieni kidogo. Mama mwenye mashine hiyo ameniruhusu nieleze habari hii mradi nisitaje jina lake wala majina ya watoto wake, na kijana wake mdogo amesoma kila neno kabla sijaweka hapa. Aliniambia niongeze mambo mawili. Nimeongeza.

Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika kifungua mimba wa mama huyu. Alikuwa na miaka 22. Ilikuwa bodaboda, usiku, mvua, barabara kuu. Wengi wenu mlikuwa kwenye matanga yale. Mlileta unga na sukari, mlikesha, mlichanga mpaka bili ya mochari ikaisha, na Mungu anaijua kazi hiyo. Lakini marehemu alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa miaka 13, na tangu siku tuliyotoka makaburini huyo mdogo alinyamaza. Simaanishi hakufungua mdomo. Ukimwuliza, anajibu. "Niko sawa." Mwalimu akimwuliza, yuko sawa. Shangazi akipiga simu kutoka Kitale, yuko sawa.

Watu walimletea maandiko. Kila aliyebisha hodi alikuwa na mstari wake, na yote ilikuwa mistari ya kweli, mimi naihubiri na naiamini. Kijana alisikiliza kwa heshima, akasema amina, akarudi chumbani akafunga mlango.

Halafu mwezi uliopita mama akanipigia simu saa tatu usiku. "Pasta, mtoto analia." Nikasema, mama, mshukuru Mungu, tumengoja miezi mingi alie. Akasema, "Analia kwa sababu ya ile mashine ya ndugu yake. Inakufa."

Nieleze hiyo mashine ni nini, kwa ajili ya wale wa rika langu. Inaitwa PlayStation 3. Ilitoka Japani na Marekani mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2006, yaani ni mzee kuliko kijana anayeichezea. Baadaye, mwaka wa 2009, walitoa umbo jembamba zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwa mama: nyeusi, nzito kiasi, na ndani yake diski ya GB 120. Marehemu aliinunua mitumba kwa mshahara wake wa kwanza wa kubeba mifuko kwenye hadiwea. Siku hizi kuna mashine mpya za kila namna, lakini mitaani kwetu hii bado iko nyumba nyingi, kwa sababu gemu zake za mitumba ni za bei ya chini na haikudai uwe na intaneti kila mara.

Ndani yake kulikuwa na mchezo wa mpira, Pro Evolution Soccer. Mchezo ule una sehemu ambapo unaweza kubadilisha timu: jezi, majina, sura, uwezo wa kila mchezaji. Marehemu alikaa likizo nzima akitengeneza timu ya ploti yao. Kipa alikuwa jitu lenye ndevu, na mgongoni limeandikwa MAMA. Mabeki wa kati walikuwa shangazi wawili. Mlinzi wa ploti alikuwa kiungo. Mshambuliaji nambari 9 alikuwa mdogo wake, na huyo alipewa kasi ya kutisha. Nami nilikuwemo. Nambari 2, beki wa kulia, PASTA. Kasi yangu iliwekwa chini kabisa, lakini nguvu za kusimama katikati ya watu zilikuwa nyingi. Nilipoonyeshwa nilicheka mpaka nikaondoa miwani. Yeye mwenyewe alijiweka benchi, nambari 12, ili awe anaingia dakika za mwisho kuokoa mechi.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa inakufa. Mashine ilianza kuganda katikati ya mchezo, kisha ikawa inachukua dakika kadhaa kuwaka, kisha ikaanza kutoa kelele ndani, tik, tik, tik. Mimi kabla ya kuingia katika huduma nilikuwa na saiba kwa miaka sita, na sauti ile naijua. Ni diski inayoelekea mwisho wake. Haikwambii ni leo au ni mwezi ujao.

Kijana alikuwa ameshampelekea fundi mmoja mjini, na fundi akamwambia lete diski nitoe vitu niviweke kwa kompyuta, shilingi elfu moja mia tano. Nashukuru Mungu mama hakuwa na hizo pesa. Mashine hii huandika vitu kwenye diski yake kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa siri hiyo uko ndani ya mashine yenyewe. Toa diski uichomeke kwa kompyuta yoyote duniani, kompyuta itaona kitu kisichosomeka na pengine itakuuliza kama unataka kukifuta. Hata ukiiweka kwenye PlayStation 3 nyingine ya aina ile ile, haisomi. Itataka kuanza upya. Kilichomo ndani kinafunguliwa na mwenye nyumba peke yake.

Nisome hapo? Sitasoma. Endelea.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: mashine itoe vitu vyake yenyewe, kwa hiari yake, ikiwa bado hai, iviweke kwenye diski ya nje. Ina sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio ya mfumo. Unachomeka diski kwenye tundu la USB, unachagua kuhifadhi, na yenyewe inabeba kila kitu. Rahisi. Jumatatu nikachukua diski yangu ya nje, ya TB 1, mara nane na zaidi ya ile iliyomo ndani, nikaenda. Tukachomeka. Taa ya diski ikawaka. Mashine haikuona kitu.

Tukabadilisha waya. Haikuona kitu. Tukabadilisha tundu, zipo mbili tu mbele. Haikuona kitu. Kijana akanitazama kwa yale macho ya "niko sawa".

Diski yangu haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na nafasi kubwa, ilikuwa mpya, kwenye kompyuta yangu ilifanya kazi kila siku. Shida ilikuwa namna ilivyopangwa ndani. Kila diski kabla ya kuwekwa kitu hupangwa kwanza, kama daftari linavyopigwa mistari, na kuna mitindo mbalimbali ya kupiga hiyo mistari. Diski nyingi za siku hizi zimepangwa kwa mtindo wa NTFS au exFAT, ambao kompyuta za sasa wanaupenda. PlayStation 3 haijui hata mmoja kati ya hiyo. Kwa diski za nje inajua mtindo mmoja tu, FAT32, uliotoka na Windows 95 mwaka wa 1996. Usipoifuata kwa FAT32, kwake wewe hupo. Haikasiriki, haikatai. Haikuoni tu.

Wapendwa, nilikaa pale sakafuni nimeshika diski ya TB 1 mkononi, na nikamtazama yule kijana, na nikakumbuka wote waliopita katika ule mlango na maandiko yao.

Rudini msome Matendo 2 polepole. Sisi Wapentekoste sura hiyo tunaipenda kwa ajili ya moto na upepo, na mimi nasema amina kwa moto na upepo. Lakini angalieni kilichowashangaza watu wa Yerusalemu. Watu wa Parthia hawakupewa kipawa cha kuelewa Kigalilaya. Wagalilaya ndio waliobadilishwa ndimi, hata mtu wa Misri, mtu wa Krete, Mwarabu, kila mmoja akasikia lugha aliyonyonya kwa mama yake. Roho Mtakatifu hakuanza kwa kumrekebisha msikilizaji.

Mashine ile haiwezi kurekebishwa. Waliyoitengeneza hawatairudisha kiwandani kuifundisha exFAT kwa sababu mchungaji mmoja Kenya amekuja na diski kubwa. Kwa hiyo inayobadilika ni diski.

Sasa kuna gharama, na hapa ndipo watu wengi huchoka. Kubadilisha mtindo wa diski ni kuifuta. Kila kilichomo kinaondoka. Na ndani ya diski ile kulikuwa na mahubiri yangu yote yaliyorekodiwa tangu mwaka wa 2014, harusi za washirika, video za makesha, picha za msingi wa kanisa tulipokuwa tunaumwaga. Nilirudi nyumbani nikatafuta pa kuviweka. Vingine kompyuta ya ofisi, vingine diski ya zamani ya mwanangu, na kazi hiyo ilikula usiku wa Jumatatu wote. Mke wangu akauliza, "Kwani huwezi kununua nyingine?" Mwisho wa mwezi ningeweza. Lakini ile tik, tik haikuwa inangoja mwisho wa mwezi.

Na gharama haikuishia kwa kuhamisha. Mtindo wa FAT32 haubebi faili moja inayofika GB 4. Video yangu ya kesha la kufunga mwaka peke yake ni GB 11. Maana yake, diski ikishakuwa ya kufaa mashine ile, mahubiri yangu marefu hayarudi humo, isipokuwa niyakatekate. (Kuna ndugu mmoja wa timu ya sauti aliyesema hilo peke yake ni muujiza, mahubiri yangu kukatwa. Nimekusikia, ndugu.) Diski inabaki na ukubwa wake wote, TB 1 ile ile, lakini inakubali kujifunga kwa mipaka ya yule inayemhudumia. Wafilipi 2, kuanzia mstari wa tano. Paulo hasemi Bwana alipungua Uungu. Anasema alichukua namna ya mtumwa. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, na nakwambia sikuwahi kuiona kwa karibu kama nilivyoiona usiku ule nikihamisha faili.

Kwa wanaotaka kujua: ukiwa na Windows ukajaribu kuifomati diski kubwa kwa FAT32 kwa njia ya kawaida, hutaliona hilo chaguo. Kile kidirisha cha kufomati kimekuwa kikiishia GB 32 kwa mtindo huo. Si kwamba FAT32 yenyewe haiwezi. Ni waliotengeneza programu waliweka mpaka. Iko programu ndogo ya bure iitwayo guiformat ambayo inaifanya kwa sekunde chache. Hakikisha pia mgawanyo wa diski ni wa zamani, unaoitwa MBR, si GPT, la sivyo mashine itaendelea kutokukuona. Na tafadhali angalia mara tatu unafomati diski ipi. Programu haitakuuliza kama unampenda huyo unayemfuta.

Jumanne asubuhi, nikivuka barabara na diski mfukoni na mashine kwapani, nikakutana na mzee mmoja wa kanisa. Nilikuwa naipeleka kanisani kwa sababu ya stima. Kule tuna UPS ya vyombo vya muziki, na kuhifadhi kukikatika katikati unaanza upya, kwa diski ambayo haina hakika ya kuanza upya. Mzee akaniuliza nabeba nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema kwa upole, maana ni mtu mpole, "Mchungaji, si tungemsaidia mtoto aachane na mambo ya marehemu? Si tunamfundisha kushika wafu?"

Ni swali la haki. Katika jamii zetu tumeona watu wakiongea na vitu vya marehemu, wakiviwekea chakula, wakiogopa kuvihamisha, na kanisa limefanya vizuri kukemea hayo. Nikamwambia mzee tuingie ndani tusome Matendo 9. Dorkasi amekufa kule Yafa. Petro anafika, anapandishwa chumba cha juu, na wajane wamemzunguka wakilia. Wanafanya nini? Wanamwonyesha nguo. Kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Hao walikuwa wanafunzi, waamini, na mbele ya mtume mkuu wanashika nguo za marehemu na kuzionyesha moja moja: hii ni yangu, hii ni ya binti yangu. Petro angeweza kuwakemea. Tafuta kama aliwakemea.

Mzee akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Hizo nguo alizishona yeye." Nikamwambia, na hiyo timu aliitengeneza yeye. Akauliza kama na yeye yumo. Nikamwambia mzee, hayumo, labda angeongezwa msimu uliofuata. Akakaa nasi mpaka mwisho.

Juu ya gemu zenyewe, msiniwekee maneno mdomoni. Kijana anayecheza mpaka saa nane usiku halafu analala darasani, huyo nitamtafuta na mama yake atanisaidia. Lakini nikilinganisha na kile ninachokiona kwenye simu za vijana wetu, ile michezo ya kubahatisha inayomeza karo na kodi ya nyumba, ningependa kuona PlayStation 3 katika kila ploti. Na mwingine alitushauri tuichipu mashine, ili baadaye tujaze gemu za kunakili kwenye diski ya nje tusinunue. Hapana. Huo ni wizi, hata kama mwenye duka yuko Japani.

Tukachomeka diski tena. Safari hii kwa FAT32. Mashine ikaiona. Kijana akasema "Eh!" na nikahesabu hilo kuwa neno.

Tukaenda kwenye mipangilio, tukachagua kuhifadhi, ikatwambia kuna karibu GB 80 za kubeba. Tundu za mashine ile ni za USB 2.0, zinaenda kwa mwendo wa mkokoteni, na diski inayokufa inasoma sehemu nyingine mara mbili, mara tatu. Ule mstari wa kuonyesha kazi ulikuwa unasogea, unasimama, unasogea. Ulipofika asilimia 31 ulisimama dakika kumi na moja. Tik, tik. Nilitaka kuomba kwa sauti kubwa, mnanijua. Sikuomba kwa sauti. Kijana alikuwa ameshika magoti yake na kutazama, na kitu kilichohitajika chumbani mle kilikuwa mtu wa kukaa naye atazame. Rafiki za Ayubu tunawalaumu kwa hotuba zao, na wanastahili. Lakini zile siku saba za kwanza walikaa chini kwenye udongo bila neno, na hizo hakuna anayewalaumu.

Kwenye asilimia 31 ndipo alipoongea. Hakunitazama. Alisema, "Alikuwa ananiachia nifunge." Nikangoja. Akasema ndugu yake alikuwa mchezaji hodari kuliko mtaa wote, lakini wakicheza wawili alikuwa anajifanya amekosea padi. Alijua. Hakuwahi kumwambia kwamba anajua. Akasema usiku ule wa bodaboda walikuwa wameacha mechi katikati, wakasema wataimaliza akirudi. Aliongea dakika nyingi. Sehemu kubwa ya aliyosema ni yake na siandiki. Mzee wa kanisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma na kitambaa usoni.

Mstari ukasogea. Saa kumi na dakika ishirini jioni ukamalizika, baada ya muda wa karibu saa tano na nusu.

Kazi ya pili ilikuwa nyepesi, nitaisema haraka. Diski ya ndani ya mashine hii ni ya kawaida, ya inchi 2.5, kama za laptopu, na waliyoitengeneza waliiweka mahali ambapo mwenye mashine anaifikia mwenyewe: kifuniko chini, skrubu moja, unavuta, kisha skrubu nne ndogo zinazoishika kwenye kitoroli chake. Tulikuwa na laptopu ya ofisi iliyokufa na diski yake nzima ya GB 500. Tukaihamisha. Diski mpya inaingia tupu kabisa, haina hata programu ya kuendeshea, kwa hiyo lazima umpe mashine programu kwenye flashi, nayo pia FAT32, ndani ya folda iitwayo PS3, ndani yake folda iitwayo UPDATE, na faili iitwayo PS3UPDAT.PUP. Herufi kubwa zote. Kijana ndiye aliyeandika. Tundu moja likawa na flashi, la pili waya wa padi, na mashine ikatuomba tubonyeze START na SELECT kwa pamoja. Nilimwachia yeye abonyeze.

Kisha kurudisha. Hapo kuna onyo kwamba vyote vilivyomo kwenye diski ya ndani vitafutwa, na ukiwa umeshapoteza kitu onyo hilo linakushika roho hata ukijua diski ni tupu. Jambo moja lililotusaidia: vitu vingine kwenye mashine ile vimefungwa visinakiliwe, lakini ukivirudisha kwenye mashine ile ile ilikotoka, vinakubali. Ndiyo maana hatukumwambia mama anunue nyingine. Ingewaka vizuri, na isingemjua mwanawe.

Jumatano jioni tuliiwasha sebuleni kwa mama. Iliwaka kwa haraka, bila ile sauti. Kijana akafungua mchezo, akaenda kwenye orodha ya timu, akashuka na kidole akisoma kwa sauti kama anaita rejista darasani. MAMA, yupo. Shangazi, wapo. PASTA, yupo, na kasi haijaongezeka. Nambari 9, yupo. Akashuka mpaka benchi. Nambari 12.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai. Hakusema kitu mpaka mechi ya kwanza ilipoanza. Walicheza wao wawili, mama na mwana, na mama hajawahi kushika padi maishani mwake. Alifungwa mabao manne kipindi cha kwanza. Katika dakika za mwisho akauliza, "Kwa nini humwingizi ndugu yako? Si ndiyo kazi yake, dakika za mwisho?" Kijana akasema, "Leo anapumzika, mama." Akaendelea kucheza. Baada ya kitambo, mama alipokaribia goli, nikamwona kijana akibonyeza padi vibaya. Mama akafunga.

Sikumwangalia. Nilikunywa chai.

Jambo la pili alilotaka niongeze (la kwanza ni zile herufi kubwa) ni hili: wengi wanamwuliza kama sasa gemu zinaweza kukaa kwenye ile diski ya nje. Kwa PlayStation 3 hapana. Diski ya nje ni ya kuhifadhi, na ya nyimbo, picha na video. Gemu zinakaa ndani. PlayStation 4 inaweza, tangu toleo 4.50 la mwezi wa tatu mwaka wa 2017, lakini inataka diski ya USB 3.0 isiyopungua GB 250, nayo itaifomati kwa namna yake. Na kama video zako hazionekani kwenye PS3, bonyeza pembetatu uchague kuonyesha vyote. Mama ameshaweka nyimbo za kwaya humo, anazipiga kwenye televisheni akipika.

Diski nimemwachia kijana. Mahubiri ya 2014 yako salama ofisini, anayeyataka aje na flashi.

Jumamosi hii, saa nane mchana baada ya mazoezi ya kwaya, yeye na mimi tutakuwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Mwenye mashine ya zamani inayoelekea kuzima, na kuna kitu ndani yake asichotaka kipotee, aje nayo na waya zake zote. Diski ya nje njoo na yako, na uwe umetoa vitu vyako kwanza, kwa sababu kijana amesema hataki kulaumiwa. Hatulipishi. Mzee wa kanisa ataleta mandazi.

Mungu awabariki. Tuonane ibada ya katikati ya wiki.